Bunseni mbili zinasumbua: moja moto unarudi ndani ya bomba, nyingine mwali haukubali kuwa wa bluu

Msimamizi_Lab aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua bunseni, vile vichomeo vya gesi vya maabara, kiundani.

Maabara ina vichomeo 12, vyote vinatumia gesi ya mtungi. Mtungi uko nje, bomba la chuma linaleta gesi hadi mezani, na kila kichomeo kina koki yake. Kumi vinawaka vizuri. Viwili ndivyo vyenye kero:

Cha kwanza kikikaa dakika moja au mbili mwali wa juu unapotea ghafla, mluzi unasikika kutoka ndani ya bomba la kichomeo, na pale juu panabaki kimwali chembamba cha kijani. Bomba linachemka hadi chini kabisa, karibu na kitako.

Cha pili, hata pete ya hewa (ile inayofungua na kufunga tundu la hewa chini ya bomba la kichomeo) ikifunguliwa mpaka mwisho, mwali unabaki wa njano, mrefu, unapepea, na bika zinatoka nyeusi kwa masizi.

Nina maswali matatu. Kwanza, chanzo ni nini na vinarekebishika? Pili, utaratibu sahihi wa kuwasha ni upi? Mwongozo mmoja unasema fungua gesi kisha washa njiti, mwingine unasema kinyume chake. Tatu, kukiwa na wanafunzi 24, wawili kwa kila kichomeo, jicho liwe wapi zaidi?

---

Kemia_Vitendo alijibu:

Mkuu, hicho cha kwanza kiondoe mezani leo hii, mengine yatafuata. Moto umerudi ndani. Hauwaki tena mdomoni mwa bomba, unawaka chini kwenye jeti, sentimita chache tu kutoka pale mpira wa gesi ulipochomekwa. Kikiachwa hivyo, mpira unalainika, unachomoka au kutoboka, na hapo gesi inawakia nje bila kizuizi.

Ukielewa kwa nini unarudi, utabaini chanzo mwenyewe. Gesi inachomoka kwa kasi kwenye jeti, kale katundu kadogo kama ka sindano kalikoko chini ya bomba. Kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia tundu la pembeni. Gesi na hewa vinachanganyika vikipanda, vinawakia juu. Sasa, moto nao una mwendo wake. Kwenye mchanganyiko mzuri wa hewa na methani (ndiyo gesi asilia) au propani (iliyomo kwenye gesi ya mtungi) unatembea takriban sentimita 40 kwa sekunde. Mchanganyiko ukipanda haraka kuliko hapo, moto hauwezi kushuka. Ukipanda polepole, moto unaufuata chini hadi kwenye jeti. Ule ukijani ni shaba: jeti nyingi ni za aloi ya shaba na zinki, na chembe zake zikipata joto la namna ile hupaka mwali rangi. Ukiona kijani bila kuwa umeweka chumvi ya shaba kwenye moto, funga koki kwanza, maswali baadaye.

Kwa hiyo swali lako halisi ni: kwa nini gesi inakwenda taratibu kwenye kichomeo hiki kimoja? Kama vingine kumi viko sawa, usihangaike na mtungi. Angalia vitu hivi:

Mpira umepinda au umekandamizwa na mguu wa kiti, au umekunjamana pale unapotoka kwenye koki. Hili ndilo la kawaida kuliko yote.

Koki imefunguliwa nusu huku tundu la hewa likiwa wazi lote. Wanafunzi hupunguza mwali kwa koki wakidhani wanapunguza hatari, kumbe wanaiita. Ukitaka mwali mdogo, punguza hewa kwanza, halafu gesi.

Jeti imeziba nusu kwa vumbi, kutu au kemikali iliyomwagikia ndani ya bomba ikakauka.

Njia ya haraka ya kutenganisha ni kubadilishana mipira. Toa mpira wa kichomeo kizima uweke kwenye kibovu, na wa kibovu uweke kwenye kizima. Tatizo likihama na mpira, ni mpira. Likibaki na kichomeo, fungua jeti.

Moto ukirudi darasani: funga koki ya mezani, usiguse bomba wala pete ya hewa, acha dakika kumi zipite. Kabla ya kuwasha tena kagua ncha ya mpira iliyokuwa kwenye kichomeo. Kama imelainika, inang'aa au imeacha alama ya mviringo, usiikate ukaendelea kuutumia mpira uleule, weka mpya.

Hicho cha pili ni kinyume chake, hewa haitoshi kwa gesi inayotoka. Angalia kwanza kama tundu la pete linakutana kweli na tundu la bomba. Pete ikipanda juu kidogo unaizungusha utakavyo na tundu halifunguki. Kisha fungua bomba, karibu zote zina skrubu, ulitazame kwa mwanga uone kama kuna utando wa buibui, nta au masizi. Kama ni safi, basi shaka yangu ni jeti. Kuna vichomeo vya gesi asilia na vya gesi ya mtungi, na kwa nje vinafanana kama pacha. Ujazo mmoja wa methani unahitaji karibu 10 za hewa ili uungue wote, ujazo mmoja wa propani unahitaji karibu 24. Ndiyo maana jeti ya gesi ya mtungi ina tundu dogo zaidi. Jeti ya gesi asilia ukiiunganisha na mtungi, gesi inamwagika nyingi na hewa haiifikii: mwali mrefu wa njano na masizi, kama ulivyoeleza. Ifungue uiweke kando ya jeti ya kichomeo kizima, zielekeze kwenye mwanga. Tofauti itaonekana kwa macho.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika. Mtu aliwahi kuizibua jeti kwa waya wa chuma au ncha ya bikari, akaipanua. Jeti iliyopanuliwa haina dawa, inabadilishwa. Ya kusafisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa unywele wa brashi ya nailoni, suuza, kausha kabisa. Tone la maji likibaki ndani, mwali utakohoa.

---

fundi_gesi alijibu:

Kemia_Vitendo kamaliza upande wa kichomeo. Naongezea upande wa gesi yenyewe, maana mtungi una tabia zake.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Propani ni mara 1.5 hivi, butani mara 2. Ikivuja haipandi dirishani kama methani, inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya meza, kwenye kabati na kwenye mifereji ya maji. Kufungua madirisha ya juu peke yake hakutoshi. Fungua milango, na kama ukuta una matundu ya chini, yasizibwe na maboksi. Propani inaanza kuweza kuwaka ikifika karibu asilimia 2 tu ya hewa, kwa hiyo usisubiri harufu iwe kali. Harufu yenyewe si ya gesi, ni ethanithioli iliyochanganywa makusudi, na pua huizoea baada ya dakika chache. Anayeingia kutoka nje akisema hapa pananuka, mwamini yeye, usiwaamini mlioko ndani.

Mipira iwe ile iliyotengenezwa kwa gesi ya mtungi, imeandikwa ubavuni. Mpira wa plastiki angavu wa kupitishia maji si wa gesi: gesi inaudhoofisha, joto linaulainisha. Kila mwanzo wa muhula kunja ncha zote mbili za kila mpira kama herufi U uangalie upande wa nje wa mkunjo. Nyufa huanzia hapo, na mpira ukiwa umenyooka hazionekani. Uingie kwenye koki si chini ya sentimita 2.5, na ubanwe kwa klipu pande zote mbili. Uwe na urefu wa kufika bila kuvutwa, lakini usining'inie chini ya ukingo wa meza ambako goti linaweza kuunasa.

Kupima uvujaji: funga koki zote za meza, fungua mtungi, paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo kuanzia regyuleta (kile kifaa cha mtungini kinachopunguza shinikizo la gesi) hadi koki. Subiri nusu dakika kila mahali, povu dogo huchelewa kutokea. Kisha fungua koki za meza huku vali za vichomeo vyenyewe zikiwa zimefungwa, kama vina vali, upime na mipira. Njiti ya kibiriti haipimi uvujaji.

Regyuleta iwe ya shinikizo la chini. Zile za majiko makubwa ya shinikizo la juu zinasukuma gesi kuliko jeti inavyoweza kumudu, mwali unaruka kutoka mdomoni na kuelea juu kidogo ya bomba, kisha unazimika huku gesi ikiendelea kutoka. Na mtungi usimame wima muda wote. Ukilala, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta. Lita moja ya propani ya kimiminika ikigeuka gesi inakuwa takriban lita 270, fikiria hiyo inatokea kwenye mpira.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: moto kurudi mwishoni mwa kipindi tu, na kwenye vichomeo kadhaa kwa wakati mmoja. Hapo usilaumu vichomeo. Kimiminika kikigeuka gesi kinanyonya joto la mtungi. Vichomeo 12 vikiwaka saa nzima kwenye mtungi mdogo, mtungi unapoa, unatoa jasho au hata kuganda barafu ubavuni, shinikizo linashuka, gesi inakwenda taratibu. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi au kuunganisha miwili. Usiupashe mtungi moto kwa njia yoyote ile.

---

Kemia_Vitendo alijibu:

Swali la pili, la kuwasha. Njiti kwanza, gesi baadaye, bila mjadala. Ukifungua gesi kisha ukaanza kutafuta kiberiti, njiti ya kwanza ikavunjika, ya pili ikazimwa na upepo, sekunde kumi na tano zimepita na wingu limeshajengeka mbele ya kifua chako. Ukija kuwasha hupati mwali, unapata mlipuko.

Mfuatano wenyewe:

Kichomeo kiwe juu ya kibao cha kuzuia joto, angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa meza, na juu yake pasiwe na rafu. Madaftari chini, nywele ndefu zifungwe nyuma, mikono ya shati ikunjwe au ibanwe, miwani ya kinga ivaliwe kabla ya njiti na si baada. Kusimama, si kukaa. Aliyekaa hawezi kuruka nyuma.

Funga tundu la hewa. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Likiwa wazi, mwali wa kwanza unakuja na mlio na unaweza kurudi ndani hapohapo kwa sababu gesi haijashika kasi.

Washa njiti. Ilete kwa ubavu hadi kwenye mdomo wa bomba, mkono ukiwa chini ya usawa wa mdomo, uso ukiwa mbali. Usiinamie kuchungulia.

Sasa fungua koki, yote, kwa mkono mwingine. Mwali wa njano utatokea. Usipotokea ndani ya sekunde mbili tatu, funga koki, pepea, subiri kidogo, anza upya. Ukitumia kiwashio cha cheche, kiweke mdomoni kwanza, fungua gesi na bonyeza papo hapo.

Ndipo uzungushe pete polepole hadi rangi unayotaka. Tundu nusu wazi linatoa mwali wa bluu mtulivu, unatosha kwa kazi nyingi. Wazi lote unapata mwali unaonguruma wenye koni ndogo ya buluu iliyokolea ndani.

Koni hiyo ya ndani ni ya baridi. Ndani yake kuna gesi ambayo haijaungua. Joto kubwa, karibu nyuzi 1500 za Selsiasi, liko juu kidogo ya ncha yake. Pitisha kijiti kikavu kwa mlalo chini kwenye mwali unaonguruma, sekunde moja tu, ukitoe: kimeungua sehemu mbili, katikati bado ni cheupe. Mwanafunzi anayeshusha wavu hadi ndani ya koni ili maji yachemke haraka anayachelewesha, na juu ya hapo anapoza mwali na kutengeneza kaboni monoksidi.

---

Mdau_Sayansi alijibu:

Ahsanteni. Nilielekezwa kwamba kuzima ni kuzungusha ile vali ya kwenye kitako cha kichomeo, na kwamba moto ukitokea mahali pasipotakiwa unaupuliza au unaufunika haraka kabla ya kwenda kwenye koki. Ni sahihi?

---

fundi_gesi alijibu:

Hapana, yote mawili ndugu yangu.

Vali ya kitako ni ya kurekebisha, si ya kufungia. Ukiishia hapo, mpira mzima unabaki na gesi yenye shinikizo hadi somo lijalo, na mpira ndio sehemu dhaifu kuliko zote kwenye mfumo. Zima hivi: funga tundu la hewa mwali uwe wa njano, funga koki ya meza, acha gesi iliyobaki kwenye mpira iungue yenyewe. Mwisho wa kipindi funga vali kuu, kisha mtungi.

Kuhusu moto uliotoka kwenye kiungo au mpira, usiuzime kwa kupuliza wala kwa kizimamoto wakati gesi bado inatoka. Gesi inayowaka unaiona ilipo. Ikizimwa bila kufungwa, inajaza chumba halafu inatafuta cheche nyingine. Funga chanzo, moto utakufa wenyewe. Koki ikiwa haifikiki, funga vali kuu. Kwa hiyo vali kuu iwe mahali panapofikika bila kupita kwenye meza za wanafunzi, na ionekane, isifichwe na kabati. Ikiwa hata hiyo haifikiki, toa watu nje, usipambane.

---

Bi_Reajenti alijibu:

Swali la tatu, kwa heshima zote kwa waliotangulia: bunseni yenyewe mara nyingi haina kosa. Watu wanaumizwa na kile kilicho juu yake au kando yake. Jicho lako Msimamizi liwe kwenye testi tyubu na kwenye ethanoli.

Testi tyubu. Kimiminika kisizidi robo yake. Koleo libane karibu na mdomo, si katikati. Iiname kama nyuzi 45, mdomo uelekee mahali pasipo na mtu, na jirani wa meza ya mbele naye ni mtu. Anza kupasha karibu na uso wa kimiminika, ukiitikisa kidogo kidogo na kuipitisha kwenye mwali, huku ukishuka taratibu. Ukianzia kitakoni, povu la mvuke linazaliwa chini ya safu yote ya kimiminika na kuirusha nje kwa mkupuo kama risasi. Sodiamu haidroksidi ya moto ikirushwa hivyo machoni, hasara haina mfano. Vipande vya kauri vya kutuliza mchemko vitiwe kabla ya kupasha. Kuvitia kwenye kimiminika ambacho tayari kina moto ni kukiamuru kifoke.

Kwa chumvi zenye maji ndani yake, kama salfeti ya shaba ya bluu, mdomo uiname chini kidogo. Mvuke wa maji unaotoka unapoa na kuwa matone karibu na mdomo. Ukiuinua mdomo, tone linarudi hadi kitako chenye moto na kioo kinapasuka. Na pale unapopasha kabonati na kupitisha gesi kwenye maji ya chokaa, ng'oa kwanza kijibomba kwenye maji ya chokaa, ndipo uondoe moto. Ukigeuza mfuatano, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, maji ya chokaa yanapanda kwenye kijibomba na kuingia kwenye kioo cha moto. Simama na wanafunzi hapo, dakika ile ya mwisho ya jaribio. Wengi wameshafurahia maji kuwa meupe na wanataka kuzima moto.

Sasa ethanoli. Mvuke wa ethanoli safi unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Maana yake chupa iliyo wazi mezani katika joto la kawaida la chumba iko tayari, haihitaji kupashwa. Na mvuke ule ni mzito, unatambaa juu ya meza hadi kwenye mwali wa jirani. Mfano mzuri ni jaribio la wanga kwenye jani, ambalo kila shule hufanya na linalofanywa vibaya mara nyingi:

Chemsha maji kwenye bika, tumbukiza jani kwa dakika moja. Zima vichomeo VYOTE chumbani, si cha meza yako tu. Ndipo ethanoli iletwe, imeshapimwa kwenye testi tyubu, robo tu. Weka jani ndani, simamisha testi tyubu kwenye yale maji ya moto. Ethanoli inachemka nyuzi 78, maji yako bado yako juu ya 85, itachemka yenyewe bila mwali wowote. Maji yakipoa kabla ya jani kuwa jeupe, badilisha maji, mimina mengine ya moto kutoka kwenye birika la umeme. Usiwashe tena kichomeo ethanoli ikiwa mezani. Makosa hutokea hapo kwenye kuwasha tena, maana mwanzoni kila mtu huwa makini.

Chupa kubwa ya ethanoli au methanoli isije kabisa kwenye chumba chenye mwali. Kuongeza pombe kwenye kibakuli au taa ya spiriti inayoonekana imezimika ni kosa lenye historia mbaya duniani: mwali wake ni wa buluu hafifu, kwenye mwanga wa mchana hauonekani, mvuke wa chupani unawaka na kumrushia aliye mbele ulimi wa moto wa mita kadhaa. Kwa majaribio ya rangi za miali tumia waya wa nikromu au kijiti kilicholowekwa kwenye mmumunyo wa chumvi, si chumvi iliyomwagiwa methanoli.

Vioo vya moto havina rangi tofauti na vya baridi, na stendi ya miguu mitatu pia. Sogeza mgongo wa kiganja karibu bila kugusa. Ukihisi joto, acha.

---

Msimamizi_Lab alijibu:

Nimeshukuru sana wakuu. Majibu ya haraka: nilibadilishana mipira na tatizo likahama na mpira, ulikuwa umekunjamana ndani pale kwenye koki ingawa nje hauonekani. Jeti ya kile cha pili imewekwa kando ya nyingine, tundu lake ni kubwa waziwazi. Nimeviondoa vyote viwili, kimoja kinasubiri mpira na kingine jeti.

Maswali mawili ya mwisho. Mwanafunzi akiwa anaandika matokeo na kichomeo kinamsubiri, aache mwali wa njano au azime? Na mtu akiungua kidogo, huduma ya kwanza ya mezani ni ipi?

---

Kemia_Vitendo alijibu:

Kama ni chini ya dakika mbili tatu, mwali wa njano. Lakini waeleweshe kwamba haukuwekwa kwa sababu ni wa baridi, bado unaunguza vizuri tu. Umewekwa kwa sababu unaonekana. Wa bluu ukiwa karibu na dirisha lenye jua unaweza kupitisha mkono juu yake usijue upo. Zaidi ya dakika tatu, azime. Na akiondoka mezani hata kwa sekunde thelathini, mwenzake abaki. Hiyo ndiyo faida ya kuwapanga wawili wawili.

Ukipokea jeti mpya, ifunge, paka sabuni kwenye skrubu, iwashe peke yake kwa dakika tano tundu likiwa wazi lote kabla haijarudi darasani. Kisha shusha koki taratibu uone inafika wapi kabla mwali haujaanza kutetemeka. Hapo utajua kikomo chake.

---

Bi_Reajenti alijibu:

Kuungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili. Dakika mbili zinaondoa maumivu, hazitoi joto lililozama kwenye ngozi. Vua pete na saa mapema kabla ya uvimbe. Hakuna barafu, mafuta, dawa ya meno wala kutumbua malengelenge. Funika kwa plastiki safi ya jikoni, iliyolazwa na si kuzungushwa kwa kubana. Usoni, machoni, kwenye kiungo, au eneo kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, aende hospitali hata kama anasema haumii, kwa sababu kuungua kwa kina huua hisia.

Nguo zikishika moto, asikimbie: alale chini, abingirike, afunikwe blanketi la kuzimia moto kuanzia shingoni kushuka. Na lile blanketi, Msimamizi, kaangalie leo kama linachomoka kwenye mfuko wake kwa mkono mmoja. Likihitaji kufunguliwa vifungo, vikate.

---

Msimamizi_Lab alijibu:

Nimekwenda kuangalia. Lina fundo la kamba kwa chini. Nimelikata.